Kidole Pembeni ya Jicho

Katesh, Hanang
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mdogo wangu Renatus,

Pokea salamu zangu, na za shemeji yako Herman, na za wapwa zako wawili ambao wamenizunguka hapa mezani wakitaka kujua namwandikia nani. Najua ungekuwa mbele yangu ungeniamkia shikamoo dada, maana adabu yako haijawahi kupungua hata siku ulizokuwa umenikasirikia. Leo iache kwanza hiyo shikamoo. Soma mpaka mwisho, ndipo uamue kama mimi ni mtu wa kuitikia marahaba.

Hali yako vipi? Na mgongo? Mama ameniambia unaingia shambani umande haujakauka, unang'oa vitunguu saumu mpaka jua linazama, na mchana ukiitwa kula unasema utakuja halafu huji. Bashay mwezi wa sita naijua, baridi yake inaingia kwenye mifupa na kukaa. Hapa kwetu miili ni mizima, tunamshukuru Mungu. Baridi ya mlima imeshuka mpaka sokoni, watu wazima wanatembea na mablanketi kama wametoka kitandani sasa hivi. Glory amepoteza meno mawili ya mbele, akisema neno lenye "s" anapiga mluzi, na kila mgeni akija anamwomba ataje neno sukari ili wacheke. Benedict bado anauliza mjomba atarudi lini. Nilizoea kumwambia wiki ijayo, wiki ijayo, sasa hata yeye ameacha kuniamini.

Nakuandikia kwa sababu simu yako umeizima, na ukipewa ya mama unamrudishia bila kuiweka sikioni. Lakini nisijisingizie. Hata ungepokea nisingeweza kuyasema haya huku nakusikia unavyopumua. Barua hii nampa Nurdin wa duka la spea, anayekuja huko Jumatatu kufuata vitunguu. Anakusalimia sana. Sanduku lako la spana liko nyuma ya kaunta yake na hajamruhusu mtu yeyote aliguse. Kuna fundi mmoja aliomba kuazima jeki yako tu, Nurdin akamjibu kwamba jeki hiyo ina mwenyewe na mwenyewe hajafa.

Nianze na unayoyajua, nipate nguvu ya kufika usiyoyajua.

Ile Jumanne ya Januari lori alilokuwa akiendesha baba mkwe wangu lilikuwa limebeba viazi kutoka Gitting. Siku mbili kabla ulikuwa umelifungia breki mpya kwenye gereji yako, na mzee mwenyewe alikaa juu ya tairi kuukuu akikutazama ukifanya kazi. Lilipofika Nangwa likamgonga Natalia, yule mama wa mitumba, akiwa anavuka na beseni lake kichwani akitokea upande wa kushoto, kisha likatumbukia mtaroni. Natalia alikatwa mguu chini ya goti. Mzee alichanika paji la uso tu. Mkaguzi wa magari alikuta bomba la upepo wa breki limekatika, akamuuliza mzee, mzee akasema breki zilikataa. Basi, ikaisha hapo. Ukalala mahabusu siku tatu, ukatoka kwa dhamana, jalada likabaki wazi mpaka leo, na gereji ukaifunga kwa mkono wako mwenyewe kabla wateja hawajakukimbia.

Siku ya pili ya mahabusu nilikuletea uji wa ulezi na chapati. Ulikuwa umekaa kwenye benchi unatazama mikono yako. Ukaniambia kwamba umejaribu kukumbuka kama ile nati ya mwisho uliikaza au hukuikaza, na kwamba kila ukikumbuka unaona uliikaza, halafu ukikumbuka tena unaona hukuikaza. Wewe, Renatus! Wewe ambaye ukimaliza kukaza nati unairudia mara mbili, mpaka wateja wanakucheka kwamba unaibembeleza. Nikakushika mikono nikakuambia vumilia mdogo wangu, ukweli haupotei, una siku yake. Maneno hayo yanaendelea kunichoma hadi leo, na utaona kwa nini.

Unajua kazi yangu kwa juu juu, ila sijawahi kukueleza vizuri. Tangu kituo chetu cha afya kilipopewa jukumu la kupima madereva wa malori na mabasi, mimi ndiye tabibu ninayewapima na kutia saini. Nusu yao huja wakidhani ni kupiga mhuri tu. Nilipata jina, sijui kama ulilisikia: waliniita Mama Rudi, kwa sababu mtu akija na presha ya kupasuka nilimwambia rudi nyumbani, akija na sukari nilimwambia rudi, akija amekariri chati ya macho kama shairi la shuleni nilimgeuzia chati nyingine nikamwambia rudi. Kuna mmoja alinifungia mbuzi kwenye uzio wa kituo. Nilimfungulia mbuzi wake na nikamfelisha pia. Nilijisikia, Renatus. Nilitembea Katesh nimeinua kichwa. Kila dereva nilimpigia lile neno letu la mficha maradhi kifo humuumbua, tena kwa sauti ya kuhubiri. Nyani haoni kundule.

Sasa katika vipimo vya macho kuna viwili usivichanganye. Cha kwanza ni chati ukutani, dereva anasimama hatua kadhaa na kusoma. Cha pili ni cha uso kwa uso. Dereva anakaa kwenye kiti, mimi nakaa mbele yake goti karibu na goti, tunatazamana machoni bila kupepesa huku na huku, kisha naleta kidole changu taratibu kutoka nyuma ya sikio lake. Akikiona, aseme. Kuna ugonjwa wa presha ya macho ambao unakula jicho kuanzia pembeni. Mwenye ugonjwa huo anaweza kusoma chati mpaka mstari wa chini kabisa usimshuku, kumbe anaiona dunia kama anayechungulia kwenye bomba. Kipimo cha kidole ndicho kinachomkamata.

Mwezi wa kumi mwaka jana, asubuhi, Hadiya, muuguzi wa mapokezi, aliniletea fomu mpya. Nikasoma jina nikasimama. Lilikuwa la baba mkwe wangu.

Wewe si mgeni wa mila za kwao Herman. Mwanamke aliyeolewa kwa Wabarbaig hataji jina la baba mkwe wake, na hata sasa unaona siliandiki. Miaka tisa nimeolewa pale, sijawahi kumtazama mzee usoni. Akiingia mlango huu natokea ule. Nikiwa na neno, namwambia mama mkwe, na mama mkwe anamwambia yeye, hata kama amekaa hatua tatu kutoka nilipo na amesikia kila kitu. Wenzangu wa kazini walinicheka kwamba mimi msomi nimekubali kufungwa. Lakini mimi niliipenda heshima ile. Ilinifanya nikubalike kwao, mimi Mwiraqw wa kutoka Bashay, na nilijivunia kuwa mkamwana ambaye hakuna aliyewahi kumkosoa.

Mzee akaingia. Nikageukia ukutani. Nikamwambia Hadiya amsomeshe chati, akasoma yote vizuri. Hadiya akampima presha, ikawa nzuri, akachukua mkojo. Kikabaki cha kidole. Hadiya hajafundishwa kukifanya, lakini kulikuwa na tabibu mwenzangu chumba cha pili, mlango wa pili tu, anakunywa chai. Ningemwita. Maneno matatu tu yangetosha. Sikumwita, na sababu ndiyo inayonitia aibu kuliko yote. Niliona mwenzangu akikuta kasoro, itasemwa kwamba mkamwana alimpeleka baba mkwe wake kwa mtu baki akavuliwe heshima. Nilijiambia mzee amesoma chati yote, ameendesha malori miaka thelathini, atakuwa na nini? Pale kwenye mstari wa kipimo cha pembeni nikaandika kawaida. Nikatia saini nikiwa nimempa mgongo, nikampa Hadiya ampe. Mzee alisimama muda kidogo kama anayesubiri kitu, halafu akaondoka.

Renatus, breki zako zilikuwa nzima. Bomba lilikatika mtaroni. Mzee hakumwona Natalia kabisa, na aliyempa ruhusa ya kuwa barabarani ni mimi.

Utauliza nilijua lini. Nilijua siku ile ile. Walipomleta mzee kushonwa paji la uso, nilikuwa nimesimama mwisho wa korido. Akatembea moja kwa moja akagonga kitoroli cha dawa kilichokuwa kushoto kwake, kitoroli kikubwa, cheupe, mchana kweupe. Vichupa vikamwagika. Wauguzi wakasema ni mshtuko wa ajali. Mimi nikajua si mshtuko. Kesho yake wewe ukakamatwa, na keshokutwa nikakuletea uji na kukuambia ukweli una siku yake. Ukweli nilikuwa nao mimi, nimekaa nao kwenye benchi moja na wewe.

Nilinyamaza miezi mitano. Mwanzoni nilijidanganya kwamba jalada litafungwa lenyewe. Baadaye niliogopa kazi, niliogopa jela, niliogopa kusemwa na ukoo mzima. Na Natalia aliporudishwa kutoka hospitali kubwa, kidonda chake kikaja kuoshwa kituoni kwetu, naye akanichagua mimi. Hakutaka mwingine. Kila ninapofungua bandeji anakutukana wewe, fundi asiye na haya, na kila ninapoifunga ananiombea mimi baraka. Nimeitikia amina. Mungu wangu, nimeitikia amina kwa baraka zile.

Wiki mbili zilizopita mama alinipigia. Alisema mnyororo wa baiskeli ya mtoto wa jirani ulichomoka mbele ya uwanja wenu, mtoto akakuletea, nawe ukaficha mikono nyuma ukamwambia apeleke kwa mtu mwingine, kwamba mikono yako haifai. Mnyororo wa baiskeli! Mama alikuwa analia. Nilikata simu, nikavaa viatu, nikaenda kwa wakwe.

Nilikaa chini na mama mkwe kama kawaida, na mzee alikuwa nje ya mlango ametupa mgongo. Nikamwambia mama mkwe yote, kuanzia fomu mpaka kitoroli, kwa sauti ya kumfikia mzee. Mama mkwe hakushtuka. Akaniambia kwamba mwaka wa pili huu mzee anapiga vigoda teke, anamwaga maziwa yaliyowekwa pembeni yake, na ndama akipita ubavuni anashtuka. Kisha likatokea jambo ambalo halijawahi kutokea. Mzee akaongea na mimi moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu.

Akasema alikuja kwangu makusudi. Angeweza kwenda kupimwa kwingine akapita bila shida, lakini alikuwa amesikia madereva wakilalamika juu ya Mama Rudi, na akajua ni mke wa mwanawe. Macho yalikuwa yanamwacha na alikuwa anaona aibu kusema. Mwenye lori alimwamini, wanawe walimwona simba, na yeye ndiye wa kwanza katika ukoo wao kushika usukani. Angewaambiaje kwamba haoni? Akataka karatasi imsemee. Akataka nimwambie rudi nyumbani, awaonyeshe wote kwamba si yeye aliyeacha, ni serikali imemkataza. Nilipotia saini bila kumtazama, alisimama pale akisubiri. Halafu akajiambia labda ni wasiwasi wake tu, labda macho ni mazima, maana daktari amesema, na daktari mwenyewe ni yule asiyemwonea mtu huruma.

Nikamuuliza, na mimi nikasahau kupitia kwa mama mkwe, kwa nini basi alisema breki. Akajibu kwamba angesema macho wangeuliza ni nani alisaini. Mimi ni mama wa wajukuu zake. Alinisitiri. Akasema alikufikiria na wewe, na kwamba ilimuuma, lakini katika kuchagua alichagua nyumba yake. Hakujitetea zaidi ya hapo. Mimi nilimheshimu yeye, yeye akaniheshimu mimi, na katikati yetu tukakusaga wewe.

Jumatano ya wiki hii mzee alikuja kituoni na mama mkwe. Tabibu mwenzangu akajitolea kumpima, mzee akakataa, akasema saini ilikuwa yangu na kipimo kiwe changu. Mama mkwe akakaa kwenye kona akaniambia nifanye kazi yangu. Nikavuta kiti. Goti karibu na goti, nikamtazama baba mkwe wangu machoni kwa mara ya kwanza. Ana macho ya Herman, sikuwa najua. Nikaleta kidole kutoka nyuma ya sikio lake la kushoto. Akasema bado. Nikakileta usawa wa sikio. Bado. Usawa wa shavu. Bado. Kidole kilikuwa kimekaribia pua yake, ndipo akasema sasa nakiona. Kulia ikawa hivyo hivyo. Machozi yalikuwa yananitoka na nisingeweza kuyafuta, kwa sababu kipimo kinataka mtazamane. Yake pia yalikuwa yanatoka.

Alhamisi tulikwenda polisi wote watatu. Mzee amekabidhi leseni na kueleza upya. Mimi nimeandika maelezo kurasa nne, na nakala nimempelekea mganga mkuu wa wilaya. Mhuri wa kupimia madereva nimenyang'anywa, na ni haki. Wamesema mimi na mzee tutaitwa, kwa mashtaka gani hawajasema. Wewe watakuita kukueleza kwamba jalada dhidi yako linafungwa. Uende, usiogope. Herman atakuja kukuchukua akipata ruhusa shuleni anakofundisha. Bado haongei na mimi vizuri, anaongea kuhusu chumvi na sabuni tu, lakini aliposikia habari yako alikaa chini kwenye mlango akashika kichwa, akasema Renatus, Renatus, mara nyingi.

Sikuombi msamaha katika barua hii. Nisingependa uulizwe jambo kubwa hivyo na karatasi. Nilikuona unazama nikakuambia uvumilie, na mimi ni dada yako niliyekubeba mgongoni. Sina neno la kuliweka hapo.

Limebaki moja, nililotumwa. Jana nilikwenda kwa Natalia. Nilimwosha kidonda kwanza, maana niliogopa nikimwambia kabla asingekubali nimguse. Hata huo ni uoga, nauandika pamoja na mwingine. Kisha nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Hakupiga kelele. Aliniuliza kama ni kweli mzee hakumwona, nikamwambia ni kweli, hakumwona. Halafu akasema kwamba kila asubuhi kwa miezi yote hii, kabla hajanywa chai, amekuwa akilitaja jina lako mbele ya Mungu kwa mabaya, akikuombea mikono yako ikauke. Akanituma nikuambie kwamba maneno yote hayo ameyaondoa juu yako, tangu la kwanza mpaka la jana, na kwamba ushike kazi yako. Kuhusu mimi, akasema bado hajaamua. Kisha akaniomba nitoke, nikamwitie Hadiya kituoni aje amalizie kufunga bandeji.

Msalimie mama, mwambie mwenyewe kwa namna utakayoona inafaa. Wasalimie na majirani wote wanaoniulizia. Kula mchana, tafadhali.

Ni mimi dada yako,
Agatha Akonaay